Daftari la kibarua wa msimu: mwongozo kamili wa kulinda ujira na haki zako kwenye mashamba ya ugenini

Anayevuka mpaka kwenda kuchuma matunda, kukata miwa au kupalilia mboga mara nyingi hudhulumiwa kidogo kidogo. Leo ni kreti moja isiyoandikwa, kesho ni nusu saa ya kusubiri gari, mwisho wa mwezi ni makato ya godoro ambalo hakulilalia. Kila kimoja ni kidogo mno kugombania, na mnyapara anajua hivyo. Ukienda kudai baada ya msimu, mwajiri anatoa karatasi zake zilizopangwa vizuri, nawe una kumbukumbu ya kichwani tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu daftari na mizani. Haki zenyewe nyingi zimeshaandikwa, kilichobaki ni kuwa na cha kuonyesha.

Kabla hujasaini

Dai mkataba wa maandishi, katika lugha unayoielewa, ukiwa bado kwenu. Upige picha kila ukurasa, ukiwemo wenye sahihi. Hila iliyozoeleka ni kubadilishiwa mkataba: unasaini mmoja nyumbani, ukifika unaletewa mwingine wenye ujira mdogo au saa nyingi zaidi, usiku, basi likiwa limeshaondoka. Ukilazimika kusaini wa pili, usitupe wa kwanza. Ile picha ya mwanzo ndiyo itakayoonyesha ulichoahidiwa.

Angalia kama mkataba unataja jina kamili na anwani ya mwenye shamba. Jina la wakala peke yake halitoshi, kwa sababu mkigombana wakala atasema yeye alikuwa mletaji tu, na mwenye shamba atasema hakukuajiri. Angalia pia zao na aina ya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, ujira unahesabiwa kwa saa au kwa kipimo, kila kato na kiasi chake, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na nani anagharamia matibabu ukiumia.

Kipengele kinachosahaulika kuliko vyote ni idadi ya saa zinazohakikishwa kwa wiki. Bei nzuri ya kilo haikusaidii kitu siku ambayo shamba limelowa au matunda hayajaiva na mmekaa bwenini mkiangaliana, ilhali kodi ya kitanda inaendelea kukatwa. Kama mkataba hautaji kiwango cha chini cha saa au cha malipo kwa wiki, uliza, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kuhusu ada ya wakala: Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997 (hapa mkataba ni makubaliano ya kimataifa kati ya nchi, si mkataba wako wa kazi), unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. Katika maisha halisi watu hutozwa, na ada hubatizwa majina kama fomu, mafunzo au usafiri. Ukilipa, dai stakabadhi yenye jina, tarehe na kiasi. Asiyetaka kuandika stakabadhi ameshakueleza nia yake. Na ujue deni unaloingia ni la nani. Deni ukidaiwa na mtu yuleyule anayekulipa ujira, mara nyingi haliishi.

Swali la mwisho kabla ya safari ni kama kibali chako kinakufunga kwa mwajiri mmoja. Mipango mingi ya kazi za msimu iko hivyo. Tafuta mapema utaratibu wa kubadilisha mwajiri na ofisi inayoushughulikia, kwa sababu ukishafika, anayekueleza sheria huwa ni yule anayefaidika usipoijua.

Pasipoti haikai kwa mnyapara

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wote wahamiaji na familia zao ulipitishwa 1990 na kuanza kutumika 2003. Ibara yake ya 21 inasema hakuna mtu, isipokuwa ofisa wa serikali aliyeruhusiwa na sheria, anayeweza kumnyang'anya mtu kitambulisho au kibali. Nchi nyingi tajiri zinazopokea wahamiaji hazijauridhia mkataba huo, lakini nyingi zina sheria zao wenyewe zinazokataza kuzuia pasipoti. Kuzuia vitambulisho ni mojawapo ya viashiria 11 ambavyo Shirika la Kazi Duniani hutumia kutambua kazi ya kulazimishwa. Vingine ni kuzuiwa mshahara, deni lisilolipika, kuzuiwa kutoka, vitisho na saa nyingi kupita kiasi. Vikikutana viwili au vitatu, usilichukulie kama ugomvi wa kawaida wa kazini.

Mwajiri akikwambia anakutunzia isipotee, omba kabati lenye ufunguo unaoushika wewe. Kama ameshaichukua, mwandikie ujumbe mfupi: "Naomba pasipoti yangu niliyokukabidhi tarehe fulani." Usiweke matusi wala maelezo marefu. Ujumbe huo una tarehe, na jibu lake au ukimya wake ni ushahidi. Picha za pasipoti, viza na mkataba zitume kwa ndugu unayemwamini, maana simu huibwa, huangukia kwenye mfereji na huharibiwa makusudi.

Daftari

Nunua daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si la waya ambalo karatasi huchomoka bila kuacha alama. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, kisha andika lililo sahihi pembeni. Usifute wala usichane ukurasa. Daftari lenye makosa yanayoonekana linaaminika kuliko lile safi lililoandikwa lote kwa kalamu moja usiku mmoja, na wakaguzi wanalitambua haraka.

Kila siku, kabla ya kulala, andika: tarehe, jina la shamba na kitalu, saa uliyofika, uliyoanza, uliyopumzika, uliyomaliza na uliyoondoka, kazi uliyofanya na zao, idadi ya kreti, ndoo au mafungu, uzito kama umepimwa, jina la mnyapara na la karani wa mizani, majina ya watu wawili uliofanya nao kazi. Ongeza mstari mmoja wa hali ya siku: mvua, jua kali, dawa imepulizwa kitalu cha jirani, maji yameisha saa tano.

Saa za kufika na kuondoka ndizo wengi huziacha. Tazama siku moja: gari limewashusha saa 11:45 alfajiri, mmesubiri umande ukauke, mmeanza kuchuma saa 1:00, mmepumzika saa 6:00 hadi 6:30 mchana, mmemaliza saa 10:30 jioni, gari limekuja saa 11:15. Muda wa kuchuma ni saa 9. Muda mliokuwa chini ya amri ya mwajiri, ukitoa mapumziko, ni saa 11. Kama saa 2 za kusubiri zinalipwa au la, hilo linategemea sheria ya nchi, lakini ambacho hakikuandikwa hakitalipwa hata pale sheria inaporuhusu.

Usidhani saa hazikuhusu kwa kuwa unalipwa kwa kilo. Katika nchi nyingi, malipo ya kipimo hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha mshahara kwa saa ulizofanya. Shamba likiwa na matunda machache, ukafanya saa 9 na kuchuma matunda yanayolingana na kima cha chini cha saa 6, mwajiri anapaswa kukuongezea tofauti. Asiyetaka kuongeza hufanya kitu rahisi: anaandika kwamba ulifanya saa 6. Hesabu inakaa sawa kwenye karatasi, na bila daftari lako hakuna atakayeona saa 3 zilizomezwa. Ukiona saa kwenye hati ya mshahara zinapanda na kushuka sambamba na kilo zako, shuku mchezo huu.

Piga picha ubao wa saa, karatasi ya mahudhurio na tiketi za kreti kila unapoweza, lakini daftari libaki mwenza wa picha. Picha elfu moja zisizo na maelezo ni kazi ngumu kwa mtu yeyote kuzipanga.

Mizani

Wizi wa mizani una sura tatu: mizani yenyewe imeharibika au imechezewa, uzito wa kreti tupu umeongezwa, au karani anashusha sehemu ya kilo kila mara.

Kupima mizani hakuhitaji fundi. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Chukua dumu la lita 20 lenye alama ya ujazo, lipime tupu, lijaze maji hadi kwenye alama, lipime tena. Tofauti iwe karibu kilo 20. Ikisoma 18.5, kila kilo 20 unazopeleka zinakupotezea 1.5. Fanya hivyo mbele ya wenzako, asubuhi kabla foleni haijaanza, na mmoja arekodi video inayoonyesha dumu na kioo cha mizani kwa pamoja. Usimwambie karani kwamba ni mwizi. Omba tu mizani irekebishwe, ukiwa na video mfukoni. Angalia pia mizani imesimama mahali tambarare na hakuna kinachogusa sahani yake, kwa sababu mizani iliyoegemea ukuta husoma pungufu bila mtu yeyote kuichezea.

Kreti tupu ndipo penye hasara kubwa. Tuseme kreti iliyojaa ina kilo 9.4 na ikiwa tupu ina kilo 1.1. Matunda yako ni kilo 8.3. Karani akitoa kilo 2 "kwa ajili ya kreti na majani", unaandikiwa 7.4. Ukijaza kreti 20 kwa siku, umepoteza kilo 18. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 468, yaani karibu siku tatu za kuchuma bure kila mwezi. Pima kreti tupu tano tofauti, pata wastani, uandike daftarini. Kreti zilizolowa huwa nzito zaidi, kwa hiyo pima kavu na mbichi.

Sehemu ya kilo iliyoshushwa, 8.7 ikawa 8, haina dawa nyingine ila kuiandika. Andika ulichokiona kwenye kioo na alichoandika karani, safu mbili bega kwa bega. Baada ya wiki mbili, safu hizo hazihitaji maelezo. Hesabu pia kreti zilizokataliwa kwa madai ya ubora. Kreti iliyokataliwa lakini ikapakiwa kwenye gari pamoja na nyingine ni kreti iliyouzwa.

Siku ya malipo

Linganisha hati ya mshahara na daftari kabla hujasaini kwamba umepokea. Ukilazimishwa kusaini papo hapo, andika tarehe halisi kando ya sahihi na kiasi ulichopokea mkononi. Kamwe usisaini karatasi tupu.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kulinda ujira, wa mwaka 1949, ni wa kuujua kwa sababu umezungumzia hila nyingi ambazo bado zinatumika. Makato yafanywe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya chama cha wafanyakazi au uamuzi wa usuluhishi. Ni marufuku kukata mshahara ili kumlipa mwajiri au wakala kwa ajili ya kupata kazi au kubaki nayo. Ni marufuku kumlazimisha mfanyakazi kununua kwenye duka la shamba. Na kulipa ujira kwa pombe kali kumekatazwa katika hali yoyote ile, jambo linalokuonyesha mashamba yalikuwa yanafanya nini.

Kwa kila kato uliza maswali mawili: liliandikwa wapi kabla sijaanza, na limehesabiwaje? Kodi ya malazi igawanywe kwa idadi halisi ya waliolala chumbani. Nauli ya gari la shamba ihesabiwe kwa siku zilizokuwa na kazi tu. Glavu, mikasi na makoti ya kujikinga ni vifaa vya kazi, na katika nchi nyingi ni mzigo wa mwajiri.

Jua na dawa

Joto huua zaidi wageni wa siku za mwanzo, kabla mwili haujazoea. Kwa anayeanza, siku ya kwanza isizidi asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto kali, kisha iongezwe asilimia 20 kila siku. Kunywa maji kiasi cha kikombe kimoja, mililita 240 hivi, kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu, na usizidishe lita 1.4 hivi kwa saa. Malipo ya kilo humfanya mtu akwepe maji ili asipoteze muda wa kwenda chooni. Hiyo ni hesabu mbaya. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka mwili ukiwa wa moto, usisubiri ruhusa: piga simu ya dharura, mpeleke kivulini, mlowanishe kwa maji ya baridi mwili mzima na mpepee. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kuhusu dawa za kupulizia mimea, jifunze kusoma lebo hata kama hujui lugha yake. Katika nchi nyingi mkanda wa rangi chini ya lebo huonyesha ukali: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu, na kijani kwa hatari ndogo. Tafuta pia muda wa kusubiri kabla ya kuingia tena kitaluni. Huweza kuwa saa chache au siku kadhaa, na majani yakionekana makavu haimaanishi muda umeisha. Piga picha lebo.

Dawa za kuua wadudu za kundi la ogano-fosfeti huvuruga mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mate na machozi kutiririka, jasho, kutapika, mboni ya jicho kuwa ndogo kama kitobo cha sindano, misuli kutikisika na pumzi kubana. Mara nyingi hudhaniwa ni joto au njaa, mgonjwa akaambiwa apumzike kivulini na nguo zilezile zenye dawa. Mtoe eneo hilo, mvue nguo ukiwa umevaa glavu, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Macho yasuuzwe kwa maji yanayotiririka dakika 15. Usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na lebo au picha yake, kwani daktari anahitaji kujua jina la dawa ili achague tiba.

Kwenye tumbaku kuna ugonjwa wa pekee: nikotini hupenya ngozini kutoka majani mabichi yaliyolowa umande au mvua, na mtu hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kichwa kuuma bila kuvuta hata sigara moja. Vaa nguo isiyopitisha maji, badilisha iliyolowa, jioshe mara umalizapo kazi.

Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, kuhusu usalama na afya kwenye kilimo, unampa mfanyakazi haki ya kujitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu akiwa na sababu ya msingi, bila kuadhibiwa, ila amjulishe msimamizi mara moja. Vibarua wa msimu wanastahili ulinzi uleule wanaoupata wafanyakazi wa kudumu. Mjulishe kwa ujumbe wa maandishi ukiweza.

Ukiumia, ajali iandikwe siku hiyohiyo kwenye kitabu cha shamba, na mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia kazini. Wanyapara hupenda kumwambia mgonjwa aseme aliteleza bwenini. Ukikubali, fidia imekwenda.

Malazi

Hapa picha hutosha: idadi ya vitanda na watu, choo, maji, jiko, nyaya za umeme, madirisha na mlango wa kutokea moto ukizuka. Mlango unaofungwa kwa nje usiku ni suala la kuripoti leo, hata kama mshahara unalipwa vizuri. Ukifukuzwa kazi, uliza sheria inakupa siku ngapi za kuhama. Kwa kuwa kazi na kitanda ni vya mwajiri mmoja, watu hunyamazia mengi wakiogopa kulala nje.

Kudai

Anza kwa ujumbe mfupi wa maandishi kwa mwajiri: tarehe, saa au kilo zinazobishaniwa, kiasi unachodai, na siku ya mwisho ya kujibu. Mkiwa watu watano wenye madai sawa, andikeni pamoja. Anayedai peke yake hufukuzwa kirahisi. Haki ya wafanyakazi wa mashamba kujiunga pamoja sawa na wa viwandani imo kwenye Mkataba namba 11 wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1921.

Asipojibu, nenda kwa chama cha wafanyakazi au mkaguzi wa kazi. Mkataba namba 129 wa mwaka 1969, unaohusu ukaguzi wa kazi kwenye kilimo, unamtaka mkaguzi afiche kabisa chanzo cha malalamiko. Hata hivyo, usitaje kwenye malalamiko jambo ambalo wewe peke yako ulilishuhudia, kama unataka usijulikane.

Asiye na vibali ana la kuzingatia zaidi. Mkataba namba 143 wa mwaka 1975 unasema mhamiaji ambaye hali yake haijahalalishwa bado ana haki sawa kuhusu ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Nchi nyingi zinakubali kanuni hiyo, lakini katika baadhi mkaguzi hupeleka taarifa kwa idara ya uhamiaji. Pitia kwanza kwa chama cha wafanyakazi, shirika la msaada wa kisheria au kanisa na msikiti unaosaidia wahamiaji, wakueleze hali ilivyo hapo kabla hujatoa jina lako.

Muda wa kudai huisha, na katika nchi nyingine ni miezi michache tu tangu kazi ilipokoma. Usingoje ahadi ya "msimu ujao tutakumalizia".

Kabla ya kuondoka

Wiki mbili kabla ya mkataba kuisha, omba hesabu ya mwisho kwa maandishi: siku za likizo zilizobaki, amana ya ufunguo au godoro, kodi iliyokatwa zaidi, michango ya hifadhi ya jamii. Baadhi ya nchi humrudishia mgeni sehemu ya kodi au michango baada ya kuondoka, lakini hudai namba ya mlipakodi na hati ya mapato ya mwaka, karatasi mbili ambazo ni vigumu kuzipata ukiwa mbali. Usifunge akaunti ya benki iliyokuwa ikipokea mshahara hadi malipo ya mwisho yaingie. Kama madai hayajaisha, mwandikie hati ya uwakilishi mtu wa chama au wakili, isainiwe na kuthibitishwa kabla ya safari, na umwachie nakala ya daftari. Daftari lenyewe lisafiri nawe, kwenye begi la mkononi.